Mkate wa mchangani: kupika taguella ya Watuareg kwa mchanga wa Tabora na Kigoma

Mtu akiambiwa kuna donge la ngano linalofukiwa mchangani bila sufuria wala jani, likaiva na kuliwa bila chembe kugonga jino, hudhani ni chakula cha hadithini, cha kabila la jangwani lililobuniwa na msimulizi. Kipo kweli. Watuareg, wafugaji wa ngamia na mbuzi wanaoishi Sahara na pembezoni mwake, katika nchi kama Niger, Mali, Algeria na Libya, wanakiita taguella. Ni mkate bapa usio na hamira, wa ngano au uwele, unaookwa ndani ya mchanga uliopashwa na makaa, kisha ukavunjwavunjwa na kuchanganywa na mchuzi wa nyama.

Kigoma swali la kwanza huwa ni la dagaa. Kila aliyekula dagaa walioanikwa ufukweni anajua mchanga unavyokwaruza meno, na ndiyo maana wa kichanja wanathaminiwa zaidi. Tofauti iko hapa: dagaa analazwa akiwa mbichi juu ya mchanga wa baridi, chembe zinanata kwenye unyevu wake na kukaukia hapohapo. Mkate huu unalazwa juu ya mchanga mkavu wenye moto mkali, na uso wake unakuwa ganda kabla chembe hazijapata pa kushika. Makosa karibu yote ya taguella yanaanzia hapo: mchanga ulikuwa na unyevu, au haukuwa na moto wa kutosha, au donge lilikuwa chepechepe.

Vipimo vilivyo hapa vinatoa mkate mmoja wa watu sita hadi wanane. Panga saa nne kutoka kuwasha moto hadi kula, na mchanga uwe umeandaliwa siku mbili kabla.

Mchanga

Unahitaji ndoo tatu za lita 20. Punje ziwe za ukubwa wa sukari. Ulio laini kama vumbi unajipaka kwenye ganda na hautoki. Wenye kokoto unatoboa donge, na kokoto iliyonyonya maji inaweza kupasuka ghafla motoni na kuruka usoni.

Tabora, mchanga wa mito inayokauka kiangazi unafaa sana. Usichote wa juu uliokanyagwa na ng'ombe. Fukua shubiri moja, chukua wa chini. Udongo mweusi wa mbugani usiuguse kabisa, huo ni mfinyanzi, ukipata joto unashikamana na kuwa tofali. Kigoma, mchanga wa ziwa ni mzuri ukiuchota mbali na mwalo, maana kwenye maboti kuna mafuta ya mashine na magamba ya samaki, na harufu ya mafuta inaingia kwenye mkate hata kama jicho halioni kitu. Toa pia vipande vya makombe ya konokono. Mchanga uliolala karibu na saruji kwenye ujenzi haufai.

Chekecha mara mbili. Kwanza kwa wavu wa mafundi ujenzi ili kuondoa mawe na mizizi. Hapo unatumia kilichopita. Pili kwa chekecheo laini ili kuondoa vumbi. Hapo unatumia kilichobaki juu. Kisha uoshe ndani ya beseni, ukikoroga na kumwaga maji machafu, hadi maji yatoke meupe. Mara tatu au nne kwa kawaida. Tandaza kwenye turubai au bati, unene usizidi vidole viwili, uanike siku mbili za jua kali, ukigeuza.

Kupima ukavu, chota ngumi moja, kamua, fungua mkono. Ukitiririka kama sukari, uko tayari. Ukibaki na umbo la vidole, rudisha juani. Kipimo hiki usikiruke hata kama una haraka, kwa sababu mchanga wenye maji hauvuki nyuzijoto 100 mpaka maji yote yageuke mvuke, na mvuke huo ndio unaogeuza uso wa donge kuwa gundi. Kwa hiyo wakati mzuri wa pishi hili ni kiangazi, kuanzia Mei au Juni. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, inabidi mchanga ukaushwe juu ya bati lenye moto chini yake, na mahali pa kuokea pawe na paa.

Unga na donge

Suji gramu 700, unga wa ngano gramu 300, chumvi kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, maji vuguvugu vikombe viwili vya mililita 250, na nusu kikombe pembeni cha kuongezea kidogokidogo. Hamira hapana: mkate ukiumuka unapasuka ganda, na mchanga unaingia kwenye nyufa. Sukari na maziwa pia hapana, vinaunguza uso mapema na kuufanya unate.

Suji hupatikana kwenye maduka ya viungo ya mjini. Ukiikosa, nunua ngano nzima, ipepete, ipeleke mashine ya kusaga na umwombe fundi aweke wavu wa matundu makubwa, kama ule wa chakula cha kuku. Chenga zake ndizo unazozitaka. Unga laini wa chapati peke yake unatoa mkate unaovutika kama mpira, na ukiingia kwenye mchuzi unakuwa tope.

Uwele, ambao Watuareg wa upande wa kusini wanautumia pia, unapatikana kwa wauza nafaka, ila hauna mnato wa ngano. Tumia nusu kwa nusu na unga wa ngano, nusu ya uwele uukorogee maji yanayochemka kwanza uwe kama uji mzito, uache upoe, ndipo uchanganye na vingine. Mkate wa uwele ufanye mdogo, upana wa sm 20, la sivyo utakatika wakati wa kugeuza. Unga wa muhogo usijaribu: nje unaungua huku katikati ukibaki mlenda.

Changanya unga na chumvi, tia vikombe viwili vya maji, kanda dakika kumi. Suji inachelewa kunywa maji, kwa hiyo usiongeze maji katika dakika tano za mwanzo hata kama donge linaonekana kavu na linapasuka. Donge sahihi ni gumu kuliko la chapati: bonyeza kwa kidole gumba, tundu linabaki wala halirudi, na kidole kinatoka kisafi. Funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, liache dakika 40.

Mchuzi uanze kabla ya moto wa mchanga

Mkate ukitoka haungoji mchuzi. Mchuzi unaweza kungoja mkate.

Nyama ya mbuzi yenye mifupa kilo moja na nusu. Vitunguu maji vinne vikubwa, nyanya nane zilizoiva, kitunguu saumu kichwa kimoja, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, chumvi, samli gramu 100, maji lita mbili na nusu. Ukipenda weka vipande vichache vya boga kwenye nusu saa ya mwisho.

Kaanga vitunguu kwa nusu ya samli hadi viwe vya kahawia, tia nyama igeuke rangi, kisha saumu, viungo na nyanya. Nyanya zikisagika na samli ikaanza kuelea, mimina maji. Chemsha kwa moto wa taratibu saa moja na nusu hadi mbili, mpaka nyama iachie mfupa. Mwishoni sufuria iwe na mchuzi wa lita moja na nusu, mwepesi kuliko rojo la wali. Wapishi wengi wa kwetu huukausha mno kwa mazoea ya ugali, na hapo mkate unakosa cha kunywa.

Mawese, kwa heshima zote kwa Kigoma, hayakai vizuri hapa. Harufu yake inameza ile ya ngano iliyookwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na mchanga. Samli ya ng'ombe inalingana na ladha ya asili.

Tanuri na moto

Chagua mahali wazi, fyeka na ufagie majani makavu mita tatu kila upande. Kiangazi cha Tabora cheche moja inatosha kuchoma msitu mzima pamoja na mizinga ya nyuki iliyomo, kwa hiyo siku ya upepo mkali ahirisha. Weka ndoo mbili za maji karibu.

Chimba shimo la mduara, upana sm 70, kina sm 15. Kama udongo una unyevu, washa moto mdogo ndani yake ukauke kwanza, zoa majivu, halafu jaza mchanga hadi usawa wa ardhi. Zikibaki beleshi mbili au tatu za mchanga, ziweke kando ya moto zipate joto; zitahitajika.

Kuni ziwe kavu na ngumu, zinazoacha makaa mazito: miyombo na jamii yake ni bora. Mwembe unaungua haraka na kuacha majivu mengi. Mnyaa wa uani usitie motoni, utomvu wake ni sumu kwa macho na moshi wake unawasha. Mbao zenye rangi au gundi ya kiwandani ni hatari kwa sababu zinagusana karibu moja kwa moja na chakula. Kwa mkaa, debe moja linatosha, lakini utandaze usawa wote wa tanuri.

Washa juu ya mchanga wote, moto mkubwa kwa saa moja. Baada ya nusu saa sogeza kuni, fukua mchanga kwa beleshi kina cha vidole vitatu, uchanganye wa juu na wa chini, rudisha moto. Mchanga unapitisha joto polepole sana. Usipougeuza, tabaka la juu litakuwa na moto wa kuunguza huku la chini likiwa vuguvugu, na mkate utaiva upande mmoja. Moto ukigeuka makaa mekundu bila ndimi za moto, sukuma makaa yote pembeni.

Sasa jaribu. Nyunyiza unga kidogo juu ya mchanga. Ukigeuka kahawia ndani ya nusu dakika hivi, mchanga uko tayari. Ukiwa mweusi papo hapo, geuza mchanga kwa beleshi na ungoje dakika tatu, ujaribu tena. Ukibaki mweupe dakika nzima, rudisha makaa kwa robo saa.

Kufukia

Hapa kuwe na watu wawili, mmoja wa donge na mmoja wa beleshi, kwa sababu kila sekunde mchanga unapoa.

1. Wakati makaa yanasogezwa, tandaza donge kwa mikono juu ya kibao kilichopakwa unga: upana sm 28, unene sm 2, ukingo usiwe mwembamba kuliko katikati. Ziba kila ufa kwa kidole chenye maji kidogo, kisha usiache maji juu yake. Paka unga mkavu pande zote mbili.

2. Chota tabaka la juu la mchanga wa moto, kina cha vidole viwili, uliweke kando pamoja na makaa. Huo ndio wa kufunikia. Okota vipande vya mkaa vilivyobaki shimoni. Kimoja tu kikikaa chini ya donge kinatoboa tundu jeusi. Sawazisha kwa mgongo wa beleshi.

3. Telezesha donge kutoka kwenye kibao hadi mchangani kwa mwendo mmoja, na ukishalilaza usilivute. Ukilivuta uso unakunjika na mchanga unaingia kwenye mikunjo.

4. Kabla ya kufunika, shika makaa kwenye beleshi sm 10 juu ya donge, ukiyapitisha huku na huku dakika moja na nusu, mpaka uso wa juu ukauke na kuonyesha madoa ya kahawia. Wenye haraka huruka hatua hii na ndio wanaotafuna mchanga.

5. Funika kwa mchanga wa moto, unene wa vidole viwili. Mimina taratibu, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Juu yake tandaza makaa.

6. Subiri dakika 20. Utaona mchanga ukivimba kidogo na mvuke kutoka kwenye vitundu vidogo, ukicheza kama uji unaoanza kuchemka. Mvuke ukipungua, ni wakati wa kugeuza.

7. Ondoa makaa, fagia mchanga, pitisha beleshi chini ya mkate, geuza. Upande uliokuwa chini uwe wa kahawia na mgumu. Ukiwa bado mweupe au unabonyea, usigeuze. Funika tena dakika tano. Ulikoinuliwa, tandaza mchanga mpya wa moto, yaani zile beleshi zilizokuwa kando ya moto, kwani wa chini umeshatoa joto lake.

8. Funika tena, dakika 15 hadi 20.

Kujua umeiva, gonga katikati kwa kifundo cha kidole. Mkate ulioiva unalia kama ngoma iliyowambwa. Mbichi unatoa sauti ya kugonga ndizi. Ukiwa na shaka, choma kijiti chembamba hadi katikati. Kikitoka na unga, rudisha dakika nane.

Kusafisha

Simamisha mkate ukingoni, upige kwa kiganja kilichofungwa kitambaa, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Mchanga mwingi unaanguka hapo. Chukua ufagio mpya wa chelewa uliofupishwa, au brashi mpya, upanguse wote ukianza na ukingo. Kwa kisu kwangua madoa meusi. Mwisho mwagia maji safi kikombe kimoja kila upande huku ukisugua kwa mkono, haraka, usizidi nusu dakika kwa jumla. Ganda lililoiva halinywi maji upesi hivyo. Pitisha ncha ya kidole juu ya uso wote: kidole kinajua kabla ya jino. Ukikuta sehemu iliyonata mchanga, ikate na kuitupa, usihangaike kuisugua, kwa sababu chembe zilizozama kwenye unga mbichi hazitoki na kipande kimoja kinaharibu sinia zima.

Kuvunja na kuchanganya

Vunja ungali wa moto, kwa mikono, vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ukipoa ganda linakuwa gumu na vidole vitaumia. Kisu hakifai: kinabana ndani ya mkate, na vipande vilivyokatwa laini havinywi mchuzi kama vile vyenye kingo za kuraruka. Kaa nao sinia moja, watu watatu au wanne mkivunja pamoja. Kwa mtu mmoja ni kazi ya nusu saa na unapoa mikononi.

Mwagia nusu ya samli iliyobaki, geuza. Mimina mchuzi bila nyama, vikombe vitatu kwanza, changanya hadi chini, funika dakika tano, ongeza. Kipande kizuri ukikibana kinatoa mchuzi lakini bado kina kiini cha kutafuna. Nyama panga juu, samli ya mwisho juu ya nyama. Watuareg hulizunguka bakuli moja la mti, kila mmoja na kijiko chake. Kwetu kunawa na kula kwa mkono kunatosha. Waambie tu wageni, hasa wazee, kuwa huku hakuna kumega na kuchovya, mkate umeshakunywa mchuzi wake. Baada ya kula Watuareg hunywa chai ya kijani yenye sukari nyingi, glasi tatu mfululizo, mara nyingi na mnanaa.

Ukiharibika

Nje mweusi, ndani mbichi: mchanga ulikuwa na moto kupita kiasi, au donge lilizidi sm 2. Usiurudishe mchangani. Vunja, tupa lililoungua, vipande vibichi vichemshe ndani ya mchuzi dakika kumi. Haitakuwa taguella lakini watu watakula.

Mweupe na mgumu kama kigae: moto mdogo, muda mrefu. Maji yote yamekauka kabla ganda halijashika rangi. Huu unahitaji mchuzi zaidi na dakika 15 za kufunikwa.

Umekatika wakati wa kugeuza: uligeuza mapema, au unga haukupata muda wa kukaa. Ufukie vipande vyote hivyohivyo, ila sehemu ya ndani iliyo wazi itashika mchanga, kwa hiyo baadaye kata mstari wa mkatiko upana wa kidole.

Mkate mzima usiovunjwa unakaa siku mbili ndani ya kitambaa kikavu. Uliokwisha kuchanganywa na mchuzi uliwe siku hiyohiyo.

Zima makaa kwa maji kando, kamwe si juu ya mchanga wako. Mchanga wenyewe uache upoe usiku kucha, bila watoto kuukaribia, kwa sababu usiku wa manane bado unaunguza huku juu ukionekana wa kawaida. Asubuhi uchekeche utoe majivu na vijimkaa, uutie kwenye viroba na kuvifunga, uweke mahali pakavu.